Walinibadilishia bega, mwanangu akajifunza kunifunga kanga

Siku ya kumi na tano baada ya kutoka hospitali nilisimama katikati ya chumba changu, ghorofa ya tatu hapa Kariakoo. Ncha moja ya kanga nilikuwa nimeishika kwa mkono wa kushoto, nyingine nimeing'ata kwa meno. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa kifuani ndani ya mkanda. Binti yangu aliyeniuguza kwa wiki mbili alikuwa ameondoka alfajiri kuwahi basi la Mwanza, maana likizo yake ya kazini ilikuwa imeisha. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na kitindamimba wangu, kijana wa miaka 22, ambaye kwa karibu mwaka mzima tulikuwa tukisalimiana tu.

Kanga ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Gauni nilikuwa nalo mwilini, lakini mwanamke wa umri wangu hatoki chumbani bila kanga. Mlango ukagongwa.

"Mama, nikusaidie?"

"Hapana, naweza."

Akanyamaza, lakini nikasikia kwamba hajaondoka. Kanga ilipoanguka mara ya tatu nikamwambia aingie. Aliingia akiwa ameinamisha uso, akaniuliza, "Ufumbe macho wewe au nifumbe mimi?" Nilicheka hadi bega likauma. Kisha akanifunga kanga, vibaya, fundo likiwa ubavuni kama la mbeba mizigo.

Wanawake wenzangu sokoni wanaponiuliza kuhusu upasuaji ule, huuliza mambo mawili: unauma kiasi gani, na ni shilingi ngapi. Hakuna anayeuliza nani atakufunga kanga. Ndiyo maana naandika. Kwa mgonjwa upasuaji wa kubadilisha bega huchukua saa mbili hivi, lakini nyumba nzima itaubeba kwa miezi mitatu.

Bega liliharibikaje?

Nina miaka 59 na nauza vitenge kwa jumla na rejareja. Kazi yangu tangu ujana ni kushusha majora kutoka shelfu ya juu, kukunjua kitambaa mbele ya mteja, kukikunja na kukirudisha.

Usiku wa Jumamosi, Julai 10, 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Wengi mnaukumbuka usiku ule. Sisi wenye fremu za jirani tulihofia moto ungevuka barabara, tukaanza kuhamisha mali. Nikiteremka ngazi na jora begani niliteleza, nikaangukia mkono wa kulia. Moto haukufika kwetu. Bega ndilo lililoungua, tena kimyakimya.

Lilivimba, likapona kidogo, nikalisahau. Mkono ulikuwa unainuka hadi kifuani na kugoma. Nikachuliwa kwa mafuta ya moto, nikafungwa vitambaa, nikanunua dawa za maumivu dukani na kuzimeza kama karanga. Kwa miaka mitatu sikuweza kushika bomba la juu ndani ya mwendokasi. Usiku nililala upande mmoja tu. Nilipoanza kutumia mkono wa kushoto kuchana nywele, nilijiambia ni uzee.

Hapo ndipo nilipokosea, na sina wa kumlaumu. Nilipoanzia hospitali ya rufaa ya mkoa na baadaye kupelekwa kwa bingwa wa mifupa, niliambiwa kwamba siku ile ya moto nilikata kano za bega. Kano zilizokatika zikiwahiwa katika miezi ya mwanzo, mara nyingi zinaweza kushonwa. Zikiachwa hujikunja na kukauka, na mfupa huanza kujisaga. Dawa nilizokuwa nikimeza bila kipimo zilikuwa zikihatarisha tumbo na figo zangu bila kuziunga kano.

Msomaji, si kila bega linalouma linahitaji kubadilishwa. Lipo bega linaloganda, ambalo huwapata sana wenye kisukari, na wengi wao hupona kwa mazoezi, dawa na subira. Lipo la kano zilizochubuka tu. Kubadilisha ni hatua ya mwisho, pale kiungo kinapokuwa kimeliwa, kimesagika kwa ajali, au mfupa umekufa kwa kukosa damu.

Kwa hilo la mwisho, wazazi wenye watoto wa selimundu wasikilize. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambako watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na ugonjwa huo. Chembe zake zinaweza kuziba damu inayolisha kichwa cha mfupa wa nyonga au wa bega, hata kwa kijana. Kijana wako akilalamika wiki baada ya wiki kuhusu bega au nyonga ile ile, usiseme "ni yale yale." Mpeleke akapigwe picha.

Chungwa na kisosi

Daktari alinieleza kwa mfano ambao hadi leo nauhadithia. "Mama yangu," alisema, "bega ni kama chungwa lililowekwa juu ya kisosi cha kahawa. Kisosi ni kidogo, chungwa ni kubwa. Kinachozuia chungwa lisidondoke ni kano nne zinazolizunguka. Zako zimekatika, kwa hiyo chungwa limepanda juu na linasaga mfupa."

Kiungo bandia cha kawaida hufuata umbile hilo hilo, chungwa la chuma juu ya mfupa wa mkono na kisosi cha plastiki ngumu upande wa pili. Lakini hicho kinahitaji kano nzima. Kwa mtu kama mimi hugeuza mambo: chungwa hukazwa kwa skrubu pale palipokuwa na kisosi, na kikombe huwekwa juu ya mfupa wa mkono. Hapo kazi ya kano huchukuliwa na ule msuli mnene wa nje ya bega, ule ule tunaochomwa chanjo. Aliyebuni mtindo huu katika sura yake ya sasa ni daktari Mfaransa, Paul Grammont wa Dijon, mwaka 1985.

Nikamuuliza daktari kama jambo hili halijaanza jana. Akaniambia lilianza Paris mwaka 1893, pale daktari Jules Péan alipomwekea bega la platinamu na mpira mwoka mikate aliyekuwa na kifua kikuu cha mifupa. Baada ya kama miaka miwili likatolewa kwa sababu ya maambukizi. "Na sisi bado tunaogopa maambukizi kuliko kitu chochote," alisema. "Ndiyo maana sikufanyii wiki hii."

Sukari yangu ilikuwa juu. Walipima kile kipimo kinachoonyesha hali ya sukari kwa miezi mitatu iliyopita, nikarudishwa nyumbani kuirekebisha. Jino langu bovu likang'olewa, kwa kuwa vijidudu vya kinywani vinaweza kusafiri na damu hadi kwenye chuma. Nilikasirika kwa kuahirishwa. Leo nashukuru.

Fedha, tuseme ukweli

Hapa nchini upasuaji wa kubadilisha nyonga na goti umezoeleka zaidi. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1996, imeufanya kwa miaka mingi. Wa bega una wagonjwa wachache, kwa hiyo muulize daktari wako ameshafanya mangapi, na usione haya. Hospitali niliyofanyiwa mimi siitaji, maana sijaja kuitangaza.

Bima yangu ililipa sehemu. Kiungo chenyewe tulichangishana, nami nikavunja akiba ya kikoba. Ushauri wangu ni kuomba mchanganuo kwa maandishi mapema: upasuaji kiasi gani, kiungo kiasi gani, kitanda kiasi gani, na mazoezi tiba baada ya hapo kiasi gani. Hilo la mwisho ndilo familia nyingi husahau. Bega jipya bila mazoezi ni sawa na kununua cherehani ukakosa uzi.

Siku yenyewe

Nilifanyiwa mwanzoni mwa Juni 2024. Usiku wa manane niliacha kula. Asubuhi nilioga kwa sabuni ya kuua vijidudu, bega likachorwa alama kwa kalamu ili pasitokee kosa la upande. Nikachomwa sindano ya ganzi chini ya shingo, kisha nikapewa nusu kaputi.

Nilipozinduka mkono haukuwa wangu. Niliugusa kwa mkono wa kushoto nikahisi kama nagusa mkono wa mtu mwingine kitandani. Nikamwita muuguzi kwa hofu. "Usiogope mama, ni ganzi, inaweza kukaa hadi kesho," alisema. Kisha akanipa siri ambayo nawapa nanyi: meza dawa ya maumivu kabla ganzi haijaisha, usisubiri. Mimi nilisubiri. Saa tisa usiku ganzi ilipoisha, nililia kama mtoto.

Kesho yake niliagizwa kukunja na kukunjua vidole, kifundo na kiwiko, ili damu itembee na mkono usivimbe. Siku ya tatu nikarudi nyumbani. Mwanangu alikuwa ameshatuma picha ya eksirei kwenye kundi la ukoo, na shangazi yake mmoja akajibu, "Sasa hilo skrubu halitapata kutu?" Halipati, tafadhali.

Wiki sita za mkanda

Haya ndiyo ningependa kuambiwa mapema.

Hutalala chali wala ubavu. Nililala nusu nimekaa, mito mitatu mgongoni na mmoja chini ya kiwiko, kwa zaidi ya mwezi.

Hutavaa nguo ya kupitisha kichwani. Kabla ya kwenda hospitali mpe fundi madera mawili ayapasue mbele na kuyawekea vifungo vya kubana. Unapovaa, mkono mgonjwa hutangulia, na unapovua hufuata mwisho.

Hutajiinua kwenye kiti kwa kuusukumia mkono huo, wala hutaupeleka nyuma ya mgongo, si kwa sidiria, si kwa kujikuna. Kwa bega la mtindo wangu, hiyo ndiyo njia rahisi ya kulichomoa mahali pake. Tulitafuta kiti kirefu cha mbao, maana sofa yetu ukizama hutoki.

Utaoga ukiwa umeinama kidogo, mkono ukining'inia wenyewe, ili kwapa lisafishwe na kukaushwa. Kwa hilo alikuja shoga yangu wa fremu ya jirani, kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Alikataa hata nauli.

Na utakula kwa mkono wa kushoto. Hakuna aliyenitayarisha kwa aibu hii. Nimewalea watoto watatu nikiwapiga vidole kwa kushika tonge kwa kushoto. Mjukuu wangu wa miaka minne alipokuja kunitazama na kuniona na kijiko mkono wa kushoto, aliita nyumba nzima waje kushuhudia. Nikipokea kitu kwa mgeni nilikuwa nikisema "samahani kwa kushoto" hadi nikachoka.

Mjukuu yule alinyoosha mikono nimbebe. Nilimwambia bibi amefungwa. Akakaa miguuni pangu akaegemea goti. Kwa wenye watoto wadogo, hilo litawauma kuliko mshono, kwa hiyo waandalieni jambo jingine: kitabu, hadithi, kukaa pamoja mkekani.

Wiki ya mwisho ya Juni wafanyabiashara wa Kariakoo walifunga maduka kwa mgomo wa kodi. Mwanangu, ambaye tangu aache chuo mwaka wa pili alikuwa akiuza makava ya simu kando ya barabara na sasa ananishikia duka, akawa nyumbani kutwa. Aliacha chuo bila kuniambia, na hilo ndilo lililokuwa limetunyamazisha. Siku zile za mgomo alichukua karatasi ya mazoezi akaisoma yote. Nikiwa nimeinama na kushika meza kwa kushoto, mkono mgonjwa ukining'inia na kuzunguka taratibu kama pambo la mlangoni, yeye alihesabu. "Kumi, mama. Bado tano." Nilipodanganya hesabu alianza upya.

Usiku wa ugomvi

Msidhani tulikuwa malaika. Wiki ya tano aliniletea daftari la duka, nikaona amemkopesha mteja wa mkoani majora manane. Mimi sikopeshi majora manane. Nilimwambia maneno mabaya, mengine yakihusu chuo na marehemu baba yake. Akajibu, kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwamba nilikuwa namtaka mikono tu, akili yake siitaki.

Alinyanyuka na daftari. Nikasahau mkanda, nikauchomoa mkono nimpokonye.

Maumivu yaliniketisha chini. Nikajua limetoka. Alinikumbatia upande wa kushoto, tukashuka ghorofa tatu gizani, hatua kwa hatua, akihesabu ngazi kama anavyohesabu mazoezi. Kwenye bajaji hakuna aliyesema neno. Picha ilionyesha bega liko mahali pake, misuli ndiyo iliyovutika. Daktari wa zamu alinitazama, kisha akamtazama mwanangu. "Mama, lingeweza kutoka. Na wewe kijana, mgonjwa huyu asikasirishwe."

"Dokta, anajikasirisha mwenyewe," mwanangu akasema.

Tulicheka wote watatu. Njiani kurudi nikamwomba radhi. Katika familia yetu mzazi hamwombi radhi mtoto, na sikujua nianzie wapi, nikasema tu, "Lile la baba yako sikupaswa kulisema." Akasema, "Na mimi chuo ningekuambia." Basi. Yule mteja amelipa kwa awamu, na bado anadaiwa kidogo.

Leo mkono uko wapi

Wiki ya sita mkanda ulivuliwa. Yakafuata mazoezi ya mpini wa ufagio, mkono mzima ukiuinua ulio mgonjwa, kisha kamba iliyopitishwa juu ya mlango. Baada ya miezi mitatu ndipo nikaruhusiwa kuanza kuutia mkono nguvu. Mwezi wa sita nikajichana nywele mwenyewe kwa mkono wa kulia, nikakaa kitandani nikalia tena, safari hii kwa jambo jingine.

Maumivu yale ya usiku yameondoka. Hiyo ndiyo faida kubwa ya upasuaji huu, na kwa wengi ndiyo sababu ya kuufanya. Nguvu zote hazikurudi. Mkono unapita kidogo juu ya bega, haufiki shelfu ya juu. Kufikisha kiganja mgongoni bado ni shida. Nimewekewa kikomo cha mizigo maisha yangu yote, na jora halimo. Katika nchi zinazoweka kumbukumbu za viungo hivi, takribani tisa kati ya kumi huwa bado vinafanya kazi baada ya miaka 10. Kwa hiyo si kitu cha milele, ni kitu cha kutunzwa.

Ukiwa na mgonjwa wa namna hii nyumbani, mrudishe hospitali haraka ukiona homa, kidonda kutoa maji au usaha, wekundu unaosambaa, bega kubadilika umbo ghafla, mguu kuvimba au kushindwa kupumua. Akienda kwa daktari wa meno hata miaka mingine mbele, aseme ana kiungo bandia.

Na kabla ya siku ya upasuaji, kaeni kikao cha familia. Msijadili fedha peke yake. Amueni nani ataogesha, nani atapika, nani atahesabu mazoezi, nani atashika duka na mamlaka yake yanaishia wapi. Hilo la mwisho liandikeni.

Mwanangu hakurudi chuo. Makava ya simu bado anayauza, sasa kwenye meza mbele ya fremu yangu, na daftari la madeni tunalisoma wote kila Ijumaa jioni. Shelfu ya juu ameing'oa akaishusha usawa wa kifua changu. Kanga najifunga mwenyewe. Siku nikitoka kwenda harusini, hunisimamisha mlangoni, akalitazama fundo, akasema limekaa vibaya.